Viti Vilivyonitangulia kwa Tonton Lazare

Nyinyi wateja wangu wa mkate mmenisumbua vya kutosha. Kila mlango ninaobisha asubuhi, kabla hata ya kupokea mkate, swali ni lile lile: Georgine, umekwenda kumwona mjomba wako, umerudi macho yamevimba kama mfiwa na mdomo unacheka, sasa tukupe pole au hongera? Nimechoka kueleza nikiwa nimesimama na baiskeli mkononi. Nimeandika hapa, msome, mpeane. Mkimaliza bila kuelewa, msijilaumu, maana hata mimi kuna mahali sijaelewa mpaka leo.

Sababu ya safari wengi wenu mnaijua. Kambale, yule anayeuza sabuni na chumvi karibu na soko, aliniomba ndoa, na mimi nikakubali kwa moyo wote. Lakini kwetu ndoa bila neno la mjomba, ndugu wa mama, si ndoa. Mama yangu, ambaye nadhani anampenda Kambale kuliko anavyonipenda mimi, alisema hatapokea hata bilauri ya maji kutoka kwa familia yake mpaka tonton Lazare aseme ndiyo. Na tonton anaishi kijijini, kando ya barabara ya Bafwasende, ambako simu haishiki. Nilimtumia ujumbe kwa madereva, mmoja baada ya mwingine. Kimya. Ndugu za Kambale wakaanza kuniangalia kama mtu anayeficha kitu. Basi mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijarudi kuigeuza barabara uji, nikaamua kwenda kulichukua jibu langu mwenyewe.

Pikipiki ingenifikisha kabla sijajua nitasema nini. Nikaenda kwa baiskeli, ile ile ya mikate.

Kutoka mjini

Asubuhi ya kuondoka nilipeleka kwanza mikate upande wa daraja la Tshopo, na hapo darajani ndipo mambo yalipoanza kunichanganya. Maji yalikuwa yamepungua mpaka mawe ambayo sijawahi kuyaona yamejitokeza, meusi, yametandazwa nguo za watu zikauke. Juu ya jiwe moja, katikati kabisa ya mto, alisimama bwana mmoja wa suti ya kijivu na tai. Peke yake. Viatu vikavu. Hakuna mtumbwi wala mpiga picha. Kando yangu kijana wa toleka, hawa wanaobeba abiria kwa baiskeli, naye alikuwa amesimama anatazama.

"Ule papa alifika pale namna gani?" nikamuuliza.

"Mi pia nimekuta ye pale."

"Anangoja nani?"

"Mama, mi naangalia tu sawa weye."

Nilimtazama yule bwana mpaka nikaona aibu, kisha nikaondoka. Hakugeuza kichwa hata mara moja. Nawaambia habari zake si kwa sababu zina maana yoyote, ila kwa sababu safari yote ilikuwa ya namna hiyo. Niliona kila kitu vizuri sana na sikuelewa hata kimoja.

Nilipofika Kapalata, karibu na kambi ya jeshi, askari mmoja alininyoshea mkono. "Pompe iko?" Nikampa pampu yangu ya baiskeli, akaingia nayo ndani ya uzio bila neno. Nikangoja. Jua likapanda. Nikajisemea, Georgine, pampu imekwenda, na safari haijaanza. Nilikuwa nimekwisha kukasirika nikafika mahali pa kuogopa hasira yangu mwenyewe, ndipo akarudi na pampu mkono mmoja na papai bivu mkono wa pili.

"Ballon ya batoto," akasema. "Ilikuwa inalala. Bon, asante mama."

Nililila lile papai barabarani huku najiona mjinga. Nilikuwa nimemhukumu mtu, naye alikuwa anajaza mpira wa watoto.

Lori lenye mboga

Baada ya mji kuisha, barabara ni vumbi jekundu na msitu pande zote mbili, nao majani yake ya kando ya njia yote yalikuwa mekundu pia kwa magari yaliyopita. Ni huko nilipomkuta papa Anselme, mchuuzi anayesukuma baiskeli iliyobeba makayabu na sabuni kuuza vijijini. Baiskeli yake huwezi kuiona kwa mzigo. Nilifurahi kupata mwenzangu, nikaanza kumweleza habari za Kambale kuanzia mwanzo.

"Mama," akanikatiza, "kwa mulima usinisemeshe. Na huku barabara yote iko mulima."

Hapakuwa na mlima wowote. Basi nikanyamaza, nikaendesha polepole nyuma yake nikinusa samaki wa chumvi nusu siku nzima.

Mahali fulani tulikuta lori limeinama pembeni, magurudumu yamezama katika udongo ambao sasa umekauka na kuwa mgumu kama tofali. Lilikwama mvua za mwaka uliopita, wakangoja kipuri kutoka mjini, kipuri kikaja si chenyewe. Dereva na fundi wake walikuwa wameweka kitanda chini ya lori, kamba ya nguo kutoka kioo mpaka mti, na mbele ya taa za lori walikuwa na bustani ya lengalenga, imelimwa kwa mistari iliyonyooka kabisa. Kuku alikuwa anatamia kwenye kiti cha dereva.

"Mutaondoka lini?" nikamuuliza dereva.

Akaitazama bustani yake. "Lengalenga ya pili haijatoka," akasema, na sikujua kama ni mzaha.

Hapo mnyororo wangu ukakatika, kana kwamba umeona lori na kutamani kupumzika. Fundi akautengeneza kwa kipande cha chuma na subira nyingi, wakatupikia lituma, ndizi zilizopondwa, pamoja na ile mboga ya mbele ya taa. Nimekula lituma maisha yangu yote, lakini ile ilikuwa laini na ya moto, na nilikuwa na njaa, na nawaambia wazi kwamba sijala tamu kuliko ile. Papa Anselme alikula bila kusema, akalipia chakula kwa sabuni, akaanza tena kusukuma.

Viti

Siku iliyofuata tulisimama kunywa chai kwa mama Aziza, mwanamke wa Kimaniema aliyeolewa huku, anayeuza chai na mikate ya mafuta kando ya barabara. Mama Aziza anaongea na kila anayepita, nami nilikuwa na kiu ya maongezi kuliko ya chai.

"Unaenda kwa nani?"

"Kwa tonton Lazare, ule wa karibu na chapelle."

"Ah, kwa Lazare! Batu mingi banapita pa kwenda kwake. Tangu jana. Banabeba viti."

"Viti ya nini?"

"Mi najua? Mi naona viti tu. Weye ni nani wake?"

"Mi mutoto ya dada yake. Ye iko muzima?"

Mama Aziza alinitazama, kisha akamtazama papa Anselme. "Iko," akasema. "Kunywa chai."

Hapa lazima nieleze kidogo, kwa ajili ya wale kati yenu mliozaliwa mbali. Kwetu mtu hafahamishwi msiba njiani. Anayesafiri anaachwa afike kwanza, akae, ashikwe na watu wake, ndipo aambiwe. Kwa hiyo njiani kila mgonjwa anapumua na kila maiti ni mzima. Ukiuliza "yuko mzima?" na ukajibiwa haraka "yuko, kunywa chai," hapo hujajibiwa kitu. Mtu anayekuambia kweli na mtu anayekuficha wanasema neno moja, kwa uso mmoja.

Nikamwambia papa Anselme kwamba nina hofu. Ni hapo aliponimaliza. Mtu yule aliyenikataza kusema hata kwenye barabara tambarare alishika usukani wa baiskeli yangu, akasema, "Pole pole, mama. Leta kapu yako, nitabeba." Alikuwa na mzigo unaomzidi urefu, akataka kuongeza wangu! Baadaye alinipa nusu ya kwanga yake, mkate wa muhogo, bila kuombwa, na kwenye kivuli akaniuliza kwa upole kama mama yangu ana watoto wengine. Alikuwa hajui chochote, kama nilivyokuja kufahamu. Alikuwa ameona uso wa mama Aziza kama mimi, akafikiri kama mimi. Lakini mimi niliuona wema wake nikajua basi, tonton amekwisha.

Na barabara haikunisaidia. Baiskeli ikatupita na viti vinne vya plastiki vimefungwa miguu juu. Nyingine ikapita na sufuria ile kubwa ya kupikia watu wengi, imevikwa mgongoni kwa mwendeshaji kama ganda. Nyingine turubai la bluu. Nyingine ngoma. Niliwaza, viti ni vya harusi na ni vya kilio. Sufuria ni ya harusi na ni ya kilio. Ngoma hivyo hivyo. Mnapofurahi mnapika pondu, mnapofiwa mnapika pondu. Nilijaribu kusoma nyuso za waendeshaji, lakini mtu anayepandisha ngoma kwa baiskeli ana uso mmoja tu.

"Munaenda na ngoma wapi?" nikampigia mmoja kelele.

"Kwa Lazare!"

"Kuko nini?"

Akasikia sauti yangu inatetemeka, akapunguza mwendo. "Weye ni nani wake?"

"Mutoto ya dada yake!"

"Ah," akasema. "Bon. Utafika tu." Akakanyaga pedali kwa nguvu, akapotea.

Mandalala

Penye njia ya kuingia kijijini walikuwa wamesimika mandalala, makuti ya mchikichi, mawili mawili pande zote za barabara. Nyinyi wa Kisangani mnajua. Ukiona makuti yamesimikwa mwanzo wa avenue, unavua kofia, unazima redio, kuna mtu amelala pale. Sikuwa na swali tena.

Na mwanamke wa ukoo haingii kwenye matanga kwa macho makavu kama anakwenda sokoni. Anaanza kulia mwanzo wa kijiji, ili watu wasikie nani amefika. Nikaitupa baiskeli katikati ya njia, nikashika kichwa, nikaanguka kwenye vumbi, nikaita.

"Ee tonton! Ee tonton, unaniacha na nani! Unakwenda bila kunijibu! Nani atasema ndiyo yangu, ee tonton! Mama atapokea bilauri kwa mukono ya nani! Kambale atanirudisha, ee tonton, unakwenda na ndoa yangu!"

Nyuma yangu papa Anselme, Mungu amsamehe, akalaza mzigo wake na kuanza kulia kwa sauti nzito. Milango ikafunguliwa. Wanawake wakatoka na mikono ya unga, wakaniona mimi, binti wa Kisangani, mtoto wa dada yake Lazare, niko chini nalia. Nao wakatupa mikono juu wakaanza kulia pia. Kijiji kizima kikalia. Nilisikia sauti zinanizunguka, nikazidisha.

Kisha mtu akatoka nyuma ya nyumba anakimbia. Shati jeupe jipya, shavu moja limenyolewa, shavu la pili lina povu la sabuni. Akapiga magoti mbele yangu, akachota vumbi kwa mikono miwili, akajimwagia kichwani na kwenye lile shati.

"Yaya! Yaya yangu! Dada yangu!"

Nilimwona kati ya vidole vyangu. Alikuwa tonton Lazare. Marehemu alikuwa ananililia.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri.

"Yaya alikufa lini?" akaniuliza, amenishika mabega.

"Yaya gani?"

"Mama yako!"

"Mama iko muzima! Weye njo ulikufa!"

"Mi?" Akajishika kifua. "Nani alisema?"

Nikatafuta nani alisema. Hakuna aliyesema.

"Viti," nikamjibu.

Kilio kikaisha kidogo kidogo, kama mvua inavyohama, wa mwisho kunyamaza akiwa papa Anselme. Mkewe tonton, tantine Albertine, aliniinua, akanipangusa, akanieleza. Padri alikuwa anakuja kubariki chapelle yao mpya, kanisa dogo la kijiji, na tonton ndiye mwenyekiti wa kamati, na padri angelala na kula kwake. Makuti yalikuwa ya kumpokea padri. Walijua mjini makuti ni kilio, lakini kwao makuti ni makuti, yanasimama popote penye watu.

Nilitegemea watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Kumlilia mtu aliye hai si jambo dogo, tena mbele ya nyumba yake, tena mpwa wake. Tonton alisimama, akatazama shati lake, akarudi nyuma ya nyumba kunyoa shavu la pili. Hakunisalimia.

Padri alikuja, chapelle ikabarikiwa, watu wakala mbuzi na pondu na makayabu yote ya papa Anselme. Mzee yule aliuza mzigo wake wote siku moja, akaondoka mwepesi, na najua ameisimulia habari yangu kila mahali anapopita. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, namenya ndizi. Kila nilipoinua macho nilimwona tonton amekaa kando ya padri, shingo imenyooka, anaangalia kila upande isipokuwa wangu. Nililia kimya, kwa aibu, na kwa sababu nilijua kwamba nimelifuata jibu langu kwa miguu yangu na nimeliua mwenyewe.

Barazani

Padri alipoondoka, tonton aliniita barazani. Alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja cha plastiki ambacho wenyewe hawajakichukua. Nikaanza ile hotuba niliyoitayarisha kutoka Kisangani. Akainua mkono.

"Ile ya Kambale nilisikia zamani. Dereva ya ndizi alisema hivi, dereva ya mbao alisema vile. Weye ulituma dereva ya ndizi kuniomba mutoto yangu. Sasa mi nijibu dereva?"

Nikainamisha kichwa. Alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi.

"Bon. Na juzi nilisikia tena, weye mwenyewe, kwa sauti. Mi nilikuwa kule nyuma nanyoa, nasikia yote, na kichwa inawaza yaya tu. Unalia ndiyo yako. Unalia mama yako na bilauri yake. Unalia Kambale. Alors, mi mwenye kufa, nilikuwa wapi mule ndani?"

Nilijaribu kukumbuka nililia nini na ni kweli, hakuwamo. Tantine Albertine, aliyekuwa anapeta mchele pale pale, alisimamisha ungo.

"Lia tena," tonton akasema.

"Tonton, uko hapa."

"Ile njo vizuri. Nitasikia."

Alikunja miguu, akaweka mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kunyolewa. Nilimtazama tantine aniokoe, naye akanionyesha chini kwa kidevu. Nikakaa chini. Nikashika kichwa. Nilijiona mpumbavu wa dunia nzima.

"Ee tonton," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Sisikie."

"Ee tonton! Nani alinipeleka hospitali na surua, nyuma ya baiskeli, ile kinga yako, mi nimefungwa kwake na kitambaa ya mama! Siku nzima bila kula!"

"Nilikula," akasema. "Nilikula muhogo moja. Endelea."

"Ee tonton, uliimba njia yote ili nisilale, na sauti yako mbaya, ndege banakimbia!"

Tantine akacheka. Tonton hakucheka. "Sauti ilikuwa nzuri," akasema. "Endelea."

"Kwa mutoni kinga ikaanguka na weye ukaanguka na mi sikuloana! Sababu ulininyanyua juu ya kichwa! Ukatembea mule ndani ya maji nimekaa juu yako sawa mukungu ya ndizi, ee tonton!"

Hapo nilingoja anisahihishe. Hakusema kitu. Nikaendelea, nikasema habari za viatu alivyoninunulia vikanibana nikanyamaza, nikavivaa mpaka vidole vikatoka damu ili asijue. Nikasema namna alivyokuja mjini baba alipotukimbia, akakaa mlangoni kwetu mwezi mzima, hasemi kitu, anatengeneza tu dari na bawaba. Sikujua kama bado nina hayo mambo. Nilisikia sauti yangu inageuka, na machozi yakaja bila kuitwa. Nililia kwa sababu nywele zake zimekuwa nyeupe na sikuwepo zilipogeuka. Nililia mpaka nikakosa kujua tena kama namlilia mtu aliyekufa au aliye hai, na tofauti yenyewe ikawa haionekani. Nikafika pale ambapo kilio hufika.

"Ee tonton, sasa unaniacha, sasa nani..."

"Pale simama," akasema.

Nikainua uso. Alikuwa amekunja kola ya shati lake, anapangusa macho.

"Ile ingine utanililia wakati sitasikia," tonton akasema. "Sasa rudi kwa yaya, mwambie ule mutu yako akuye hapa mwenyewe."